Ramani za treni na daladala: kwanini zinanyoosha njia ambayo haijanyooka

Miaka kadhaa nyuma shangazi yangu alikuwa anakuja Dar kwa mara ya kwanza akitokea Ifakara, na siku hiyo mimi nilikuwa kazini siwezi kwenda kumpokea, nikamwambia shangazi ukifika Kimara shuka, panda mwendokasi uje mpaka Kariakoo utanikuta pale. Akasema mwanangu Dar siijui, nichoree. Nikachukua karatasi nikachora, nikapiga picha nikaituma kwenye simu ya binti yake. Nilichochora ni mstari mmoja umenyooka kama rula, vidoti juu yake na majina: Kimara, Korogwe, Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni Mapipa, Jangwani, Fire, alafu pale Fire mstari unagawanyika, mmoja unaenda Posta ya Zamani na Kivukoni, mwingine unakata kwenda Gerezani, ndo hapo Kariakoo. Fire nikaizungushia duara kubwa nikaandika: basi likiwa la Kivukoni shuka hapa, likiwa la Gerezani tulia mpaka mwisho.

Barabara ya Morogoro kwenye karatasi yangu haikuwa na kona wala mlima. Kutoka Kimara mpaka Korogwe ilikuwa nafasi ileile ya vidole viwili kama kutoka Jangwani mpaka Fire, na kule Magomeni nimeruka vituo kadhaa maana havimhusu. Mtu yeyote anayejua Dar angeiangalia angesema hii sio Dar. Shangazi alifika bila kumuuliza mtu.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba kile nilichokifanya kwa dakika tano kina historia yake, watu wamekigombania kwa miaka, wengine wamekufa bado wana kinyongo, na kuna jiji moja kati ya makubwa duniani liliikataa ramani ya namna hiyo alafu likairudia baada ya miaka zaidi ya 40. Na kadri nilivyozidi kufuatilia ndo nikaona swali la watu wengi, kwamba hii ramani ni sahihi au sio sahihi, halikufikishi popote. Swali zuri ni hii ramani inamjibu nani na ameuliza nini, maana anayeuliza "niko wapi" na anayeuliza "nipande nini, nishukie wapi" hawawezi kupewa karatasi moja wote wakaridhika.

Tuanzie London, maana huko ndo treni ya abiria ya chini ya ardhi ilianza, mwaka 1863, kati ya Paddington na Farringdon, tena ya mvuke, moshi wote humo humo shimoni. Baadaye zikaja kampuni nyingi, kila moja ina laini yake na kila moja inachapisha ramani yake, laini yake imekolezwa rangi, za washindani zimefifishwa au hazipo kabisa, abiria ndo unganisha mwenyewe kichwani. Ramani ya pamoja ikaja mwaka 1908, kampuni zilipokubaliana kujitangaza kwa jina moja la Underground. Lakini zote zilikuwa zinafuata jiografia, mto ulivyopinda na reli inapinda, barabara za juu zipo, bustani zipo.

Shida ya jiografia ni hii. Katikati ya mji vituo vimebanana, kutoka kimoja mpaka kingine ni mita mia kadhaa tu, wakati huko nje pembeni kituo na kituo vinaachana kilomita nyingi. Ukichora kwa skeli ya kutosha pembeni, katikati panakuwa doa la wino hausomi kitu, na ukichora kwa skeli ya kufanya katikati pasomeke, karatasi inakuwa kubwa kama kitenge, haiingii mfukoni. Wachoraji walijaribu njia tofauti, wengine wakawa wanakata tu ncha za laini na kuandika pembeni majina ya vituo vilivyobaki, na kuanzia mwaka 1925 mchoraji F. H. Stingemore akatoa ramani ndogo za mfukoni zilizofuta vitu vingi vya juu ya ardhi. Ilisaidia, ila mkanganyiko ukabaki.

Hapo ndo anaingia Harry Beck. Huyu hakuwa mchora ramani, alikuwa anachora michoro ya kiufundi kwenye ofisi ya ishara za treni, na mwaka 1931 alikuwa ameachishwa kazi kwa muda, yupo nyumbani na miaka yake 29, akachukua daftari la shule akaanza kunyoosha laini. Sheria alizojiwekea ni chache sana: mstari uende mlalo, wima, au mshazari wa nyuzi 45, basi, hakuna kupinda kwingine. Nafasi kati ya kituo na kituo ikaribiane kulingana. Katikati ya mji patanuliwe, pembeni pabanwe. Kituo cha kawaida kiwe kistari kidogo tu kinachochomoza pembeni ya laini, na kituo cha kubadilishia kipewe alama ya almasi. Vya juu ya ardhi vyote vifutwe, kasoro mto Thames.

Watu wengi husema aliiga michoro ya saketi za umeme, na kweli ukiangalia inafanana, tena mwaka 1933 mwenyewe alichora kwenye jarida la wafanyakazi ramani ya treni kama saketi kabisa kwa ajili ya kufurahisha wenzake. Ila mimi naona jambo kubwa zaidi ni lile alilolielewa kuhusu abiria: ukiwa chini ya ardhi huoni chochote. Huoni kona, huoni kilima, huoni kama treni imegeuka kusini au kaskazini, dirishani ni giza tupu, unachokiona ni jina la kituo likija na likipita. Kwahiyo kumpa mtu kona za reli ambazo hatoziona ni kumbebesha mzigo wa bure. Alichohitaji ni mpangilio, kipi kinafuata kipi, na wapi laini mbili zinakutana.

Wakubwa waliikataa mwaka 1931, wakasema imebadilisha mambo kupita kiasi. Akairudisha tena mwaka 1932, wakachapisha chache za majaribio, na Januari 1933 ikatoka rasmi kwa umma, na umma ukaielewa palepale bila kufundishwa na mtu. Beck aliendelea kuirekebisha kwa miaka karibu 27, laini mpya zikija anakaa anahangaika nazo nyumbani, mpaka mwaka 1960 akakuta ramani mpya imebandikwa stesheni na jina lililopo chini yake ni la mtu mwingine, Harold Hutchison, ambaye alikuwa mkuu wa matangazo hukohuko. Jamani ile ramani ya Hutchison ilikuwa na makona makali kila mahali, na jina la kituo cha Aldgate lilikosa nafasi mpaka likakatwa vipande vitatu kimoja juu ya kingine. Haikudumu, mwaka 1964 Paul Garbutt akairudisha kwenye njia ya Beck. Beck mwenyewe alipigania kazi yake kwa barua miaka kadhaa akakata tamaa, akafariki mwaka 1974, na leo ramani rasmi ya London inamtaja kwa jina pale chini kwamba mchoro huu umetokana na wake wa mwaka 1931. Hiyo heshima hakuiona akiwa hai, na mimi hili linaniuma kila nikilisoma.

Sasa kunyoosha kuna gharama zake, tusifiche. Vituo vya Covent Garden na Leicester Square havifikishi hata mita 300 kati yake, unatembea dakika chache umefika, lakini kwenye ramani vinaonekana kama vituo vingine vyote, kwahiyo wageni wanalipa nauli, wanasubiri lifti, wanasubiri treni, ili wakapande safari ya sekunde chache. Kuna mtafiti wa chuo kikuu cha New York anaitwa Zhan Guo, mwaka 2011 alitoa utafiti kuhusu abiria wa London wanavyochagua njia, akakuta mchoro una nguvu karibu mara mbili ya muda halisi wa safari, yaani mtu anaamini urefu anaouona kwenye karatasi kuliko muda anaoutumia mwenyewe kila siku. Mfano wake mmoja ni Paddington kwenda Bond Street, ambapo karibu abiria 30 kwa kila 100 wanachukua njia inayochelewa kwa sababu tu kwenye ramani inaonekana fupi. Na hawa sio wageni, ni watu wa hapohapo. Fikiria hilo jambo. Aliyechora amekaa ofisini akasogeza kidoti sentimita moja ili majina yasigongane, na huku maelfu ya watu wanahamia laini nyingine na kujazana huko.

Na mto je? Mwaka 2009 waliotengeneza ramani ya London walitaka kupunguza msongamano wa alama wakafuta mto Thames. Watu walikuja juu, magazeti yakaandika, mpaka meya wa wakati huo Boris Johnson akaagiza mto urudi, na kabla mwaka haujaisha ukawa umerudi. Ukiangalia kwa hesabu, mto haukusaidii kubadilisha treni hata mara moja. Lakini mtu wa London ana upande wake, wa kaskazini ya mto au wa kusini ya mto, na ukimtolea mto umemtolea kitu anachoshikilia ili ajue mchoro wote umekaaje. Mstari mmoja wa bluu uliopinda ndo unaounganisha karatasi na mji uliopo juu.

New York ndo ugomvi ulikuwa mkubwa zaidi na mimi ndo napenda kuusimulia. Mwaka 1972 jiji lilitoa ramani mpya ya treni iliyotengenezwa na Massimo Vignelli, dizaina mzaliwa wa Milan, na kwa uzuri wa macho hakuna iliyowahi kuipita, leo ipo kwenye mkusanyiko wa jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa hukohuko New York. Kila huduma ina mstari wake na rangi yake, mistari inatembea sambamba kama nyuzi za mkeka, pembe ni 45 na 90, na sheria yake ilikuwa safi sana: penye nukta treni inasimama, pasipo na nukta haisimami. Hili la mwisho ni muhimu New York kwa sababu kule kuna treni zinazoruka vituo na zinazosimama kila kituo, na zinapita njia moja.

Lakini watu waliichukia. Central Park, ile bustani kubwa ya pale, ambayo kiuhalisia ni ndefu nyembamba, karibu kilomita 4 kwa 0.8, yeye aliichora kama mraba, tena ya kijivu, na maji akayapa rangi ya kaki. Kuna kituo cha mtaa wa 50 kwenye Broadway, yeye kakiweka magharibi ya kituo cha mtaa wa 50 cha barabara ya nane wakati ukiwa pale juu kipo mashariki yake. Mtalii anashuka anatembea upande ambao sio.

Sasa jiulize kwanini London walikubali uongo uleule na New York wakaukataa. Jibu lipo kwenye mitaa. London mitaa yake imejikunja kama utumbo, hata mkazi hana picha kamili kichwani, ukimnyooshea hana cha kulinganisha nacho. Manhattan, pale katikati ya New York, ni miraba, mitaa ina namba, mtu anajua mtaa wa 42 upo wapi na wa 59 upo wapi na bustani inaanzia wapi, kwahiyo ukipindisha kidogo tu anaona, na akishaona moja hakuamini tena kwenye mengine. Alafu Vignelli mwenyewe alikuwa amekusudia ule mchoro ukae pamoja na ramani nyingine za kijiografia hapo stesheni, zinazoonyesha mitaa ya jirani. Yaani alitaka yale maswali mawili yapewe karatasi mbili. Abiria wakapata ile ya kwanza tu mkononi, wakaiuliza maswali yote.

Mwaka 1978 kulifanyika mdahalo wa hadharani kwenye ukumbi wa Cooper Union, Vignelli upande huu na John Tauranac upande ule, huyu wa pili alikuwa anaongoza kamati ya kutengeneza ramani mpya, na watu walijaa kusikiliza watu wakibishana kuhusu ramani ya treni. Upande wa Tauranac ulishinda. Mwaka 1979 ikatoka ramani iliyochorwa na kampuni ya Michael Hertz, laini zinapinda kama zinavyopinda, bustani ya kijani, maji ya bluu, mitaa mikubwa imeandikwa, na huduma zinazopita njia moja zikaunganishwa kuwa mstari mmoja wa rangi moja. Hiyo ikakaa mpaka mwaka 2025, pale New York ilipotoa mchoro mpya ulionyooka, mandhari nyeupe, kila huduma na mstari wake, ndugu wa damu kabisa wa ile ya mwaka 1972. Wakati huu abiria ana simu mfukoni yenye ramani ya mitaa yote, lile swali la "nikishuka natokea wapi" lina pa kulipeleka, kwahiyo karatasi ya ukutani imeachiwa kazi yake moja. Kwa maoni yangu Vignelli, aliyefariki mwaka 2014, hakukosea kuchora, alikosa ile karatasi ya pili.

Watu wanauliza pia kama nyuzi 45 zina ukweli wowote wa kisayansi au ni mazoea tu. Max Roberts, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Essex, alitengeneza ramani ya treni za Paris yenye laini za kujikunja taratibu bila pembe kali hata moja, akawapima watu, na wakapanga safari haraka zaidi kwenye ya kujikunja kuliko kwenye ile rasmi. Alafu alipowauliza ipi wanaipenda wengi wakachagua iliyonyooka. Paris laini zinapinda sana, ukilazimisha pembe unapata vikona vingi mno na jicho linapotea kila kona, kwahiyo mtindo wa London haubebeki tu ukapelekwa kila mji.

Na kuna kufuta kwa aina nyingine kabisa. Ukuta wa Berlin ulipojengwa mwaka 1961, kulikuwa na laini za treni za upande wa magharibi zinazopita chini ya upande wa mashariki, ukianzia magharibi unapita vituo vya mashariki gizani vyenye askari bila kusimama alafu unatokea tena magharibi. Ramani za magharibi ziliviandika vile vituo na kueleza kwamba treni haisimami. Ramani za mashariki zikazifuta laini zenyewe. Mtu wa mashariki anasikia mtetemo wa treni chini ya miguu yake, akiangalia ramani haipo.

Mexico City wao walikwenda njia nyingine ambayo naona sisi tungeiangalia kwa makini. Treni yao ilifunguliwa mwaka 1969 na kipindi kile watu wengi walikuwa hawajui kusoma, kwahiyo dizaina Lance Wyman na wenzake wakakipa kila kituo picha yake. Chapultepec ni panzi, maana ndo maana ya jina lenyewe, kilima cha panzi. Pino Suárez ni madhabahu ya kale ya Waazteki iliyofukuliwa pale wakati wa kuchimba njia. Unamwambia bibi yako shukia kwenye panzi, imeisha. Laini mpya zimeongezwa miaka yote hii na kila kituo kipya bado kinapewa picha.

Kwenye rangi nitapita haraka tu. Jicho linatofautisha rangi chache kuliko unavyodhani, na kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini karibu mwanaume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha baadhi ya rangi, ndo maana London wana toleo la nyeusi na nyeupe lenye mistari ya nukta na vipande. Tena London walikuwa na mtandao mzima wa treni za juu wenye rangi moja ya chungwa, ukikwama sehemu moja unatangaziwa machungwa yote yamekwama, mpaka mwaka 2024 wakaugawa kuwa laini 6 zenye majina na rangi zake.

Haya tuje nyumbani. Huko kote nilikopita kuna kitu kimoja walikuwa nacho kabla hata ya kushika penseli: walijua vituo vyao viko wapi. Kuna orodha. Kwetu ruti ipo midomoni mwa watu. Mara ya kwanza niko Nairobi rafiki yangu anakaa Rongai, akaniambia panda 125 ama 126, stage ni Railways, ukifika uliza. Hilo neno "uliza" ndo ramani yenyewe. Unamuuliza mama wa maembe, anakuelekeza kwa kamagera, yaani mpiga debe wa pale stage, kamagera anakupeleka mpaka kwenye gari, konda anakuambia utashukia wapi. Inafanya kazi, na watu milioni kadhaa wanaitegemea kila siku, lakini huwezi kuibandika ukutani, na anayepanga barabara za jiji hawezi kuiona.

Ndo ikaja kazi inayoitwa Digital Matatus. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na wa Columbia na wa MIT kutoka Marekani na kampuni moja ndogo ya Groupshot waliwatuma wanafunzi wapande matatu na simu zenye GPS, wakae mpaka mwisho wa ruti, wakirekodi kila gari linaposimama. Zilipatikana ruti zaidi ya 130. Data wakaipanga kwa mfumo wa faili unaoitwa GTFS, ambao ulianzia mji wa Portland kule Marekani mwaka 2005 kwa ushirikiano wa shirika la usafiri la pale na Google, ni faili za maandishi za kawaida tu, moja ina vituo, moja ina ruti, moja ina safari, moja ina saa za kufika kila kituo.

Na hapo mfumo ukagonga ukuta, kwa sababu unataka saa. Matatu haina saa, inaondoka ikijaa. Unataka kituo rasmi, na matatu inasimama rasmi pale, na pale pengine kwenye mti kwa sababu abiria wamezoea hapo. Ilibidi wafikirie upya kituo ni nini, waweke na vile ambavyo havina bango wala kibanda ila watu wote wanajua ni stage, na badala ya saa waseme magari yanapita kila baada ya muda gani kwa makadirio. Nawaheshimu sana hawa watu kwa hilo. Wangeweza kuandika tu vituo vilivyopo kwenye makaratasi ya serikali wakamaliza mapema, na ramani ingekuwa ya mji ambao haupo.

Mwaka 2014 ikatoka ramani ya karatasi, mtindo wa London, laini zimenyooka, ruti zimepangwa kwa rangi kulingana na barabara kuu zinazopita, na mwaka 2015 matatu za Nairobi zikaingia kwenye Google Maps. Lakini kinachonigusa mimi ni kilichotokea walipowaonyesha watu wa matatu wenyewe. Mtu ameendesha biashara hiyo miaka, anajua ruti yake kila shimo, ila hajawahi kuona zote pamoja. Wakaona laini zote zinaingia katikati ya mji kama spoku za baiskeli na karibu hakuna zinazokatiza kutoka mtaa wa pembeni kwenda mtaa mwingine wa pembeni, yaani kila mtu lazima aingie town kwanza hata kama anaenda jirani. Jam ya katikati ya Nairobi ilikuwa imechorwa pale mbele yao, na wakaanza kujadili ruti mpya. London ramani ilichorwa ili abiria auelewe mtandao, Nairobi ilibidi ichorwe ndo wenye mtandao wauone. Accra na Cairo nako watu wamefanya kazi ya kufanana na hii.

Sasa wapo wanaosema simu imemaliza mambo yote haya, ramani ya ukutani ya nini, naandika ninakokwenda naambiwa panda hii shuka pale. Ni kweli inasaidia, mimi mwenyewe natumia. Ila simu inakupa safari moja. Siku njia ikikatika huna picha ya pembeni, hujui kwamba kulikuwa na laini nyingine inapita mita 400 kutoka ulipo. Alafu daladala zetu zina tabia ambazo hakuna faili linazibeba, gari limeandikwa Mbagala - Kariakoo lakini jioni konda anakatisha ruti njiani, mwisho wa gari, shukeni wote. Dar tuna namna yetu ya zamani ya ramani, ule ukanda wa rangi ubavuni mwa daladala unaokuambia ni ya ruti gani kabla hujasoma maandishi, mtu aliyekaa mjini anaitambua gari yake kwa mbali kabisa, na ile ni lugha nzima ya rangi iliyopo barabarani ambayo sijawahi kuiona mahali imekusanywa kwenye karatasi moja. Ningekuwa na uwezo ningeanza na hiyo.

Shangazi alirudi Dar mwaka uliofuata, kipindi cha masika. Hakutaka hata nimchoree, alikuwa ameitunza ile karatasi, binti yake alimprintia. Mchana akanipigia simu, mwanangu tumeshushwa hapa Magomeni gari haziendi mbele, na hii karatasi yako inasema baada ya Mapipa ni Jangwani alafu Fire, ila ninachokiona huku chini ni maji matupu, mbona hukuniambia kuna bonde? Na kweli sikumwambia. Mto Msimbazi ukijaa pale Jangwani njia inafungwa, kila mtu wa Dar anajua, na mimi nilikuwa nimelipiga pasi bonde zima likawa kidoti kama vidoti vingine.

Alivyokuwa anaondoka nikamchorea nyingine. Mstari uleule umenyooka, vidoti vilevile, Fire na duara lake. Chini ya Jangwani nikaweka mawimbi mawili ya kalamu ya bluu, na pembeni yake nikaandika: ikiwa imenyesha usiku, nipigie kabla hujapanda.